Vigamba Saba Vyeupe

Nakumbuka Ijumaa moja ukungu wa Mlima Meru ulishuka mpaka Moshono, tukawasha taa saa sita mchana. Mwanangu, unaanza kazi ya maabara Jumatatu. Weka simu pembeni kidogo unisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nafanya kazi kwenye maabara ndogo ya mawe. Mawe yenyewe yalitoka kusini, karibu na pwani, yamechimbwa kutoka chini sana ardhini. Zamani yalikuwa tope la kilindi cha bahari. Ndani yake mna vigamba vya viumbe wadogo kuliko punje ya chumvi, na kila zama ilikuwa na aina zake. Ukizijua aina, umejua umri wa tabaka. Mimi niliyaloweka mawe, nikayaosha kwenye chekeche, kisha nikatazama kwa hadubini kilichobaki.

Aliyenifundisha ni Mzee Elifuraha, Mchagga mpole aliyekaribia kustaafu. Alinipa sharti moja: kila ukimaliza jiwe, chovya chekeche kwenye rangi ya bluu. Kigamba kilichong'ang'ania wavuni kitageuka bluu, na kikijitokeza kwenye jiwe linalofuata utajua hakikutoka humo.

Ijumaa ile sikuchovya. Kesho yake ilikuwa sendofu ya dada yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na sikutaka kucha za bluu kwenye picha. Ujinga wa usichana, cheka tu.

Jiwe nililoosha baada ya hapo lilikuwa kipande cha mwisho cha tabaka ambalo Mzee alilihangaikia miaka mingi. Umri wake alishawatangazia wenzake, na ripoti yake ndiyo ingemuaga kazini. Nikainamia hadubini. Katikati ya vigamba vya kale nikaona kimoja cheupe, cha aina iliyokuja baadaye sana, kimelala mdomo juu. Nikajua ni uchafu wa chekeche. Nikakinyanyua kwa brashi, nikakipukuta sakafuni.

Trei ya pili, kingine, mdomo juu. Ya tatu, kingine. Jengo zima lilikuwa kimya, ukungu umeziba madirisha, na nikahisi kuna mtu amesimama nyuma yangu anasubiri nimalize. Sikugeuka. Niliogopa, mwanangu. Vilifika saba, vyote nikavipukuta, halafu nikapiga deki.

Kwenye sendofu sikula. Kila punje ya pilau niliiona ina mdomo.

Jumatatu nilimkuta Mzee anaandika ripoti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Mbona umepauka hivyo?"

Nikamweleza kuhusu chekeche na vile vigamba saba, nikitegemea kufukuzwa. Akaweka kalamu mezani.

"Vilikuwa vimelala mdomo juu?"

Hilo sikuwa nimemwambia.

"Niliwahi kuona kimoja, mdomo juu hivyohivyo," akasema taratibu. "Tabaka hilihili, kabla hujaja hapa. Cheupe. Na chekeche langu nilikuwa nimelichovya. Nikakitupa, kwa sababu umri nilishautangaza, nacho kingeonyesha nimekosea."

Jiwe lilikuwa limekwisha, hatukuwa na pa kutazama tena. Akaufuta ule umri, akaandika kwamba haujulikani, kwamba yeye alitupa kigamba kimoja na msaidizi wake saba. Akasaini. Mwezi uliofuata aliondoka kazini, na wale wenzake hawakuja kumuaga.

Mwanangu, ukikutana na kitu kinachokuharibia jibu, usikiguse kabla hujakiandika. Na ukikosea, sema mapema, hata kama unayemwambia unamwogopa. Mimi nilikaa na vyangu saba siku tatu tu, nikakosa usingizi. Mzee alikaa na kimoja miaka yote ile, na kila asubuhi alinikumbusha kuchovya chekeche.

Nenda salama. Mungu akupe macho yasiyochoka na kinywa kisichoficha, na ukizeeka, uwe huna hata kimoja ulichokitupa.