Mkanyaga Ndizi wa Nyabiyonza na Posa ya Kwenye Sinema

NYABIYONZA, Julai 1956

Jua limeshapanda juu ya migomba, na Projest anakanyaga ndizi huku akiiga ng'ombe anayekataa kukamuliwa. Suruali ameikunja mpaka magotini. Miguu imo ndani ya mtumbwi wa mti, katikati ya ndizi mbivu na majani makavu, lakini uso ni wa ng'ombe kabisa: macho yamemtoka na taya linakwenda upande. Wanawake watatu waliomletea ndizi wamekaa chini kwa kucheka. Mmoja anamsihi aache, mbavu zinamuuma.

Wanaomfahamu wanasema leo hachezi vizuri. Mara mbili amesahau kuipiga ndoo teke, na ng'ombe asiyepiga ndoo teke hajakataa kukamuliwa.

"Leo miguu iko hapa, roho iko uwanjani," anasema, akifuta jasho kwa bega.

Uwanjani kumewasili gari la sinema, na jioni hii litaonyesha sinema ya kuchekesha ambayo Projest mwenyewe ndiye mchezaji mkuu. Kijana mwingine angekuwa anatamba barabara nzima. Yeye hajala tangu jana, kwa sababu sinema hiyo ndiyo itakayoamua kama atamwoa Auleria, binti wa mzee Kaijage, au kama binti huyo ataolewa kijiji cha Songambele.

Jinsi sinema ilivyogeuka baraza la posa ni kisa kinachohitaji pumzi.

Projest ana miaka ishirini na minne, na kazi yake ni hii ya kukanyaga. Mwenye harusi humwita, mwenye msiba humwita. Akishakanyaga, ndizi huchujwa, maji yake hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, na kesho yake ni rubisi, pombe ya ndizi. Hulipwa shilingi mbili kwa mtumbwi mmoja. Wengine humlipa kwa rubisi yenyewe, jambo ambalo mama yake hakubali kuliita malipo.

Miaka mitatu iliyopita alitembea hadi Nyakahanga kutazama sinema ya serikali kuhusu maji safi. Kabla ya maji safi wakaonyesha kichekesho cha mtu aliyetumbukia mtaroni na kikapu cha mayai. Uwanja mzima ulicheka mpaka watoto wakaanza kulia.

"Nikauliza kama yule mtu analipwa. Nikaambiwa analipwa," anasimulia. "Mimi nimeanguka bure tangu utotoni."

Tangu siku hiyo akawa anajifunza kuanguka kwa bidii. Alianguka kwenye vichanja vya kahawa, akaanguka kisimani, akaanguka siku ya mnada mbele ya mnunuzi wa ng'ombe. Mama yake alidhani ni kifafa, akampeleka kwa padri aombewe. Padri alimtazama akianguka mara mbili, akasema kijana haumwi, ila airudie ile ya pili.

Mzee Kaijage hakuwa padri. Ni mtu wa ng'ombe wenye pembe ndefu na shamba la kahawa lisilo na jani la magugu, na hapa Nyabiyonza hakuna anayempita kwa kujali jina lake. Projest alipotuma mshenga mara ya kwanza, mzee alikataa. Mara ya pili alimwuliza mshenga kama yeye angempa binti yake mtu anayeanguka kwa hiari.

Yapasa kueleza hapa namna posa inavyokataliwa katika nchi hii. Mwenye binti asiyetaka hakigusi kibuyu cha rubisi alicholetewa. Kinakaa chini, wageni wanaelewa, wanakichukua na kwenda zao bila ugomvi. Akikigusa na kumeza mbele ya mashahidi, amekubali. Kukipokea, kuonja na kutema ni jambo ambalo halijapata kuonekana. Ni kuutemea mate ukoo mzima.

Wapiga sinema walipofika kiangazi cha mwaka jana hawakuyajua hayo. Walikuja na kisa chao tayari kuhusu kijana mvivu anayeacha kahawa imwagike chini ya miti kwa sababu anataka kuwa mchezaji wa sinema. Walimpata Projest kabla hawajashusha mizigo, maana alianguka kutoka nyuma ya lori lao akiwa na kikapu kichwani. Walipotaka nyumba nzuri ya mwenye binti, macho yao yaliishia kwa Kaijage. Mzee alikubali ili ng'ombe wake waonekane. Binti wa kusimama mlangoni alihitajika pia, na Auleria alikuwa amesimama mlangoni.

Katika kisa hicho Projest alete kibuyu, mzee aonje, ateme kwa nguvu, kisha amkimbize na fimbo. Egbert, karani na mkalimani wa wapiga sinema, anasema alimweleza mzee mara nyingi na mzee akaitikia kila mara.

Lakini rubisi ya siku ile alikuwa ameikanyaga Projest mwenyewe, na majirani wote walikuwa wamesimama uani. Kaijage alionja. Akameza.

Wakarudia, akameza tena. Mara ya tatu alikunywa mpaka kibuyu kikainama, akajifuta ndevu na kusema kwamba kinywa chake kimekataa kutema pombe ya posa. Majirani wakaanza kupiga vigelegele. Mpiga sinema akashika kichwa.

Majirani walipoelekea nyuma ya nyumba kula, ndipo Egbert alipokijaza kibuyu kitupu maji ya mtungi. Kaijage aliyatema maji hayo kwa nguvu zote, akamkimbiza Projest mpaka kwenye kahawa. Lori likaondoka jioni hiyo hiyo.

Kilichofuata ni mwaka mzima wa ubishi. Majirani walisema mzee amemeza na binti ameposwa. Mzee akasema ulikuwa mchezo, na tena mwisho wa mchezo alitema. Ya maji hakuyataja. Projest aliyataja kila alikopita, lakini nani atamwamini mtu anayejulikana kwa kuigiza?

"Sinema ndiyo shahidi," mzee alikuwa akiwaambia. "Tuingoje."

Wakati wanaingoja, mzee Mutalemwa wa Songambele, mwenye ng'ombe wengi kuliko hata Kaijage, alituma salamu kwamba ana kijana wa kuoa. Kaijage akamwalika aje kuitazama sinema pamoja naye, ajionee kwamba hakuna posa ya mtu iliyomezwa.

Basi jioni watu walijaa uwanjani. Kaijage na Mutalemwa walikaa mbele kwenye viti, makoti yamefungwa vifungo vyote. Projest alisimama nyuma kabisa, karibu na gari. Egbert alishika kipaza sauti, kwa kuwa picha haina maneno yake na yeye ndiye husimulia.

Watu walicheka kahawa ilipomwagika. Walicheka zaidi Projest alipowafundisha ng'ombe kupiga makofi. Ng'ombe wa Kaijage walipotokea, mzee alimgusa Mutalemwa begani ili asiwakose. Kisha kikaja kibuyu.

Kwenye shuka jeupe, Kaijage alionja, akavimbisha mashavu na kutema. Mate yaliruka upande mmoja wa shuka hadi wa pili.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kanga. Projest anasema kwa mara ya kwanza katika maisha yake alianguka bila kukusudia.

Kaijage alisimama akitabasamu, awageukie majirani wakiri kwamba wameona. Alikuta nyuso zimeinama. Hapo Mutalemwa naye akainuka, taratibu, akachukua kofia yake.

"Kaijage, waitu, mzee mwenzangu, mchezo nauelewa," alisema. "Lakini kinywa kilikuwa chako, na pombe ilikuwa ya posa. Mwanangu hawezi kuleta kibuyu kwenye nyumba kama hiyo."

Akamwuliza Egbert kama picha hii imeonyeshwa kwingine. Egbert, ambaye ni mkweli kupita kiasi, alijibu kuwa imeshaonyeshwa Bukoba, Biharamulo na Ngara, na keshokutwa ni Songambele.

Mzee Kaijage alibaki amesimama mbele ya shuka, taa ya sinema ikimpiga usoni, na picha yake mwenyewe ikimkimbiza Projest mgongoni mwake. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Mtu aliyelinda jina lake miaka sitini alikuwa amelipeleka mwenyewe Ngara kwa lori.

"Yalikuwa maji!" alisema kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza. "Niliyotema ni maji ya mtungi. Egbert, waambie. Pombe ya kijana sikuitema. Niliimeza. Niliimeza mara tatu, na ya tatu nikakimaliza kibuyu."

Kicheko kilichofuata, Egbert anasema, hajakisikia tangu aanze kuzunguka na gari. Watu walilala chini. Mutalemwa mwenyewe alirudi kwenye kiti akishika mbavu. Auleria, aliyekuwa amekaa na shangazi zake, alikuwa anacheka na kulia pamoja, na hakuna aliyemwuliza ni lipi lilianza.

Mzee alingoja watulie. Kisha akatazama nyuma ya umati, kule kwenye gari, akaita, "Mkwe wangu yuko wapi? Aje tusalimiane."

Projest alipita katikati ya watu, nyasi zimemganda kwenye suruali, akapiga goti na kumpa shikamoo.

"Nimetaka watu wacheke namna ile tangu Nyakahanga," anasema asubuhi ya leo, siku mbili baadaye. "Walipocheka, mimi nilikuwa nalia tu kwa furaha. Sikuona hata sinema ilivyoisha."

Harusi itakuwa Septemba, kahawa ikishauzwa. Egbert ameahidi kwamba wapiga sinema watarudi mwakani na kisa kingine, na Projest ana nia ya kuwaambia kwamba hachezi bila Auleria. Auleria naye anasema safari hii hasimami mlangoni, anataka yeye ndiye ampige mtu fimbo.

Ila gari la sinema limeondoka leo kwenda Songambele, na mchezaji mkuu hakuchukuliwa. Kiti cha mbele amekalia mzee Kaijage, vifungo vyote vimefungwa. Amekataa katakata picha ile ionyeshwe tena bila yeye kusimama kando ya shuka kuwaeleza watu kwamba ni maji. Baada ya Songambele anataka apelekwe Ngara.

Projest amewapungia mkono mpaka vumbi likatua, kisha akarudi kwenye mtumbwi wake.

"Mimi ndiye ninayetaka kazi ya sinema," anasema, akiingiza mguu kwenye ndizi, "na mkwe wangu ndiye ameipata."