Bunduki Tatu za Kariuki

Iko siku moja mimi hukumbuka hata nikikataa, mjukuu wangu. Jua imesimama katikati ya kichwa, na mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nimekaa juu ya gunia nachagua kahawa. Sisemi kahawa ya kunywa. Nasema ile nyekundu ya kutoka kwa mti. Na shamba yenyewe ilikuwa wapi? Ni hapo karibu na Kamakis, hapo mnaenda Jumamosi kula mbuzi na kupiga sahani picha. Chini ya hiyo lami kuna mizizi ya kahawa nilichuma na hii mikono.

Nakuambia hii leo kwa sababu ya hiyo simu yako. Usijifanye hujui. Jana ulikuwa umejitupa kwa kiti hapa kwangu Kamenu, Brayo na wale wengine wako kwa simu, mnaulizana ukishinda jackpot ya mpira utafanyia nini. Mimi nikakaza sikio. Nikadhani nitasikia ploti. Nitasikia ng'ombe. Nitasikia hata ati "nitanunulia shosho sweta." Haiya!

"Buda, mimi nikishika hiyo doo, kitu ya kwanza ni bastola mbili. Moja kulia, moja kushoto."

Huyo ni wewe. Hata kubeba ndoo ya maji unachagua mkono.

"Hizo ni za watoto, mzee. Mimi nachukua ile ya snaipa, naweka glasi, naweka na ile kitu ya kuinyamazisha."

Huyo ni Brayo, na hiyo sauti yake ya kutoka kwa pua, kama mtu amefungiwa ndani ya tangi. Mlinunua bunduki mpaka zikakosa mahali pa kukaa, na hakuna mmoja wenu ako na kitanda yake.

Nilicheka, sikatai. Halafu nikakusikia ukiiga sauti ya Brayo. Na unaiweza, hiyo ni damu yangu, hata mama yake angeitika. Ukarekodi: "Ni Brayo wa Mwiki hapa, niko na bunduki tatu kwa keja, anayetaka akuje." Keja ni nyumba, hata mimi najua. Ukatuma kwa grupu. Mkacheka wote. Mimi nikaacha kucheka.

Sasa sikia.

Kaka yangu mkubwa alikuwa anaitwa Kariuki. Alikuwa askari wa kahawa ile inaanikwa kwa meza za waya. Askari, ndiyo, lakini silaha yake ilikuwa rungu na tochi, na hiyo tochi mara nyingi haikuwa na mawe ya betri. Lakini kupenda bunduki! Vile wengine hupenda pombe. Kuna siku mwenye shamba alienda kuwinda kanga, akamwambia Kariuki ambebee bunduki kutoka mtoni mpaka kwa gari. Hiyo ndiyo mara moja peke yake aliwahi kuishika. Mwendo wa nusu saa, na alitusimulia miaka mitatu.

Rafiki yake alikuwa Mutua, Mkamba wa huko upande wa Kilimambogo, dereva wa trekta ya shamba. Kila mwezi hao wawili walikuwa wananunua tikiti moja ya bahati nasibu, halafu Jumapili wakitoka kanisa wanakaa nje ya nyumba yetu hapo kwa kambi ya wafanyakazi. Mimi naleta chai. Wao wananunua bunduki.

"Mutua, tukishinda, wewe unaanza na gani?"

"Ile ndefu, iko na glasi ya kuchungulia. Nikae kwa mlango ya mama yangu, nihesabu nyati ya Kilimambogo moja moja, na hakuna hata moja inajua niko."

"Na utapiga?"

"Nipige ya nini? Nyati amenikosea?"

Halafu Kariuki anaweka kikombe chini, anatoa ile sauti yake ya kutoka tumboni: "Mimi ni tatu. Moja ya midomo miwili, ya nyumbani. Moja ya safari. Moja ya Jumapili."

"Ya Jumapili? Unataka kupiga mhubiri?"

"Si ya kupiga, Mutua. Ni ya kuvaa. Mtu akivaa tai, anapiga nani nayo?"

Hiyo ndiyo ilikuwa dhambi yao yote. Watu wazima wawili na tikiti moja. Hawakuwa wanataka kuua hata panya.

Sasa ujue vile kazi ilikuwa. Ukimaliza kuchuma, huendi kupima mara moja. Unamwaga kahawa yako kwa gunia, unatoa mbichi, unatoa nyeusi, unatoa majani, kwa sababu nyapara akipata mbichi kwa debe yako anamwaga yote chini na anakutukania mama. Kwa hivyo wanawake kama thelathini tumekaa hapo, mikono iko na kazi, masikio haina. Basi masikio ilikuwa yangu. Nikiiga mtu, wananiongezea kahawa. Nikiiga nyapara, mkono mmoja kwa debe. Nikiiga bibi ya nyapara akimwita nyapara aje kuosha miguu, mikono miwili. Mimi kuchuma nilikuwa mvivu, mwanangu, lakini debe yangu ilikuwa inajaa kabla ya wote.

Siku hiyo wakasema, "Wanjiru, tupe kaka yako na bunduki zake." Nikawapa. "Tukishinda, Mutua..." Wakacheka kidogo tu, ile ya kusaidia mtu. Walikuwa wameizoea. Nikaangalia debe, iko nusu. Basi hiyo "tukishinda" nikaitoa. Nikaitupa kando kama majani. Nikasema na sauti ya Kariuki mwenyewe:

"Niko nazo tatu. Moja iko chini ya kitanda. Moja nimezika ndani ya pipa ya mahindi. Na ya Jumapili iko chini ya mafiga, hapo maitu, mama yetu, anapikia, isishikwe na baridi."

Woi! Walilala chini. Mama mmoja alishika mbavu akisema, "Isishikwe na baridi! Wanjiru utaniua!" Walinimwagia kahawa mpaka debe ikatapika. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, Waswahili walisema. Mimi usaha sikuona. Niliona debe.

Haikupita mwezi. Gari ya kuleta mshahara ikasimamishwa kwa barabara na watu wako na bunduki, pesa ikaenda. Polisi wakaanza kuzunguka kila shamba wakiuliza ni nani anajulikana na bunduki. Wakafika kwetu saa sita mchana, gari mbili, na nyapara ako mbele yao anawaonyesha mlango.

Hawakutafuta, mwanangu. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Mtu wa kutafuta anaangalia huku, anaangalia kule. Hawa waliingia moja kwa moja kwa kitanda, wakakipindua. Wakatoka hapo moja kwa moja kwa pipa, mahindi ya maitu yote ikamwagwa kwa matope. Halafu mkubwa wao akasema neno moja tu: "Mafiga." Wakang'oa hayo mawe na sufuria bado iko juu, githeri ikaingia kwa moto. Wakachimba hapo mpaka magoti. Na mimi nimesimama hapo nyuma ya maitu, naangalia maneno yangu ikitembea na buti.

Kariuki akasema, "Afande, hizo bunduki ni za kuongea tu. Ni tukishinda tikiti."

"Kumbe ziko!"

"Haziko, afande. Ni tukishinda."

"Mlishinda lini?" Kofi. "Na mbona kambi yote inajua mahali unaficha?"

Kariuki akageuka, akatuangalia. "Nani alisema?"

Wanawake wote wakaangalia miguu yao. Mutua akashuka kwa trekta, akatoa kofia, akasema, "Afande, hata mimi niko kwa hayo maneno. Tulikuwa tunacheza. Hana kitu." Walimchapa mbele ya watu, wakamwambia arudi kwa trekta kabla hawajambeba. Lakini alisema. Hiyo hakuna mtu atamnyang'anya.

Na mimi? Kwa hii koo nilikuwa na sauti ya nyapara, na ya mwenye shamba, na ya bibi yake na mbwa yake. Hakuna hata moja ilitoka. Nikaona wakimfunga kaka yangu na kamba ya kufungia magunia.

Walikaa naye siku kumi na moja. Kila siku wanamuuliza kitu moja, iko wapi? Na wewe niambie, mtu ataonyesha aje mahali ya kitu haiko? Akisema haiko, anapigwa. Akidanganya iko mahali fulani, wanaenda, wanakosa, wanarudi na hasira ya safari. Halafu wezi wenyewe wakashikwa huko mbali kabisa, watu hata hatuwajui, na Kariuki akafunguliwa mlango akaambiwa enda nyumbani. Hakuna mtu alisema pole.

Alirudi na sikio ya kulia imekufa, na vidole vya mkono wa kulia havifungiki. Hata rungu hangeshika. Askari wa kushindwa na rungu ni wa nini? Kazi ikaisha. Na alikuwa amepeleka mbuzi nne za mahari kwa watu wa msichana huko Gatundu. Mbuzi zikarudi. Zilirudi zimenona kuliko vile zilienda.

Nikaenda kwa cucu yangu, mama ya baba, nikamkuta anachambua maharagwe. Nikamwambia yote nikilia. Afadhali angenipiga. Alichambua tu, moja moja, mpaka ikaisha kwa ungo. Ndiyo akaniangalia.

"Wanjiru," akasema, "sauti ya kila mtu unaiweza. Siku ya kaka yako, yako ilikuwa wapi?"

Akasema, "Enda umwambie leo. Akikulaani, hiyo ni haki yake. Akikusamehe, hiyo ni bahati yako. Lakini usimwache akihesabu watu usiku na mchana akijiuliza ni nani."

Nikaenda. Kariuki alikuwa amekaa kwa mlango. Na hii sijawahi kuambia mtu, hata guka yako, mzee wangu, alizikwa bila kuisikia. Kiti ilikuwa upande wa kushoto. Mimi nikazunguka nikakaa kulia, chini kwa mchanga. Upande wa sikio iliyokufa. Nikasema yote, polepole, vizuri kabisa: "Ni mimi, Kariuki. Nilikuwa nataka debe ijae." Akatikisa kichwa, vile mtu hutikisa ukimwambia chai iko tayari. "Sawa, sawa," akasema.

Nikarudi kwa cucu nikamwambia nimemwambia.

Aliishi miaka mingine zaidi ya ishirini. Na unajua alishuku nani? Mutua. Alisema ni Mutua peke yake alijua zile tatu. Mutua alikuja na ndizi, alikuja na sukari, alikuja na bibi yake, Kariuki anageuza kiti anaangalia ukuta. Walikufa hawaongei, huyu kwanza, halafu yule. Na ni nani alikuwa anamletea Kariuki uji kila asubuhi? Ni mimi. Akinibariki kila asubuhi. "Wanjiru, wewe peke yako ndiye nimebaki naye." Sauti yake ndiyo hiyo. Leo ndiyo mara ya kwanza naitoa tangu tumzike, na inaniuma hapa.

Najua utasema nini. "Shosho, relax, ilikuwa tu ya kuchekesha, kila mtu anajua." Kila mtu ni nani? Hata sisi kila mtu alijua. Wanawake thelathini walijua ni mchezo, na hakuna mmoja alipanda kwa gari ya polisi kusema ni mchezo. Na hiyo yetu ilisikika hapo kwa magunia tu. Yako inatembea na simu mpaka kwa watu hawajawahi kuona Brayo, na siku kitu kibaya kitatokea Mwiki, hakuna atauliza kama huko mwanzo kulikuwa na "tukishinda."

Basi shika haya. Kuota pesa si dhambi, hata kuota bunduki, mtu huota vile tumbo yake imemtuma. Lakini ndoto ya mwenzako usiipeleke sokoni ukiitolea ile "kama" iko ndani, kwa sababu hiyo "kama" ndiyo inamlinda. Na mdomo ukishakosa, usingoje. Ukimwingiza mtu kwa shida na maneno, mtoe na maneno, siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale walisikia. Usiende kuungama mahali husikiki, halafu urudi ukisema umeungama. Hiyo ni uongo imevaa nguo ya kanisa. Wanasema majuto ni mjukuu, na ni kweli, nimekaa nayo miaka hii yote na sasa naona imeketi hapa mbele yangu na simu kwa mkono.

Itoe hiyo kitu kwa grupu. Halafu sema hapo kwa grupu, na sauti yako mwenyewe, ya kwamba ulidanganya. Halafu vaa viatu uende Mwiki, umwambie Brayo macho kwa macho. Akikurushia ngumi, pokea.

Kuja hapa kwanza. Inama. Mimi sina mafuta ya upako ya pasta wa kanisa, niko na mate tu, na nakutemea kifuani vile wazee wetu walikuwa wanafanya. Mungu akupe pesa ya kukujenga na akunyime ile ya kukuzika. Marafiki wako wakuzeekee karibu. Nyumba yako ipigiwe hodi na wageni, isipigwe teke. Na hiyo sauti Mungu alikupa, siku itahitajika, itoke. Thaai, amani iwe. Enda sasa, gari za Ruiru za kukufikisha Mwiki zinajaa haraka.