Shangazi na Barua ya Kumlaani Mwandishi

Shangazi yangu alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha chapa cha serikali. Kwa miaka ishirini na mbili hakuna kitabu cha shule kilichotoka bila kupita mezani kwake. Wenzake walimwita Nukta, maana hata kibao cha chooni alikisahihisha.

Mapinduzi yalipokuja alishangilia kama wengine. Mwaka wa tatu, mwandishi mmoja aliyezoea kumletea miswada yake kwa mkono, mtu mpole mwenye kikohozi, akakamatwa darasani mbele ya wanafunzi wake. Kosa lake? Aliandika kwamba maghala ni matupu. Na yalikuwa matupu. Mwenye macho haambiwi tazama!

Wiki iliyofuata wafanyakazi wote waliitwa ukumbini. Mwenyekiti wa Kamati ya Mapinduzi aligawa barua ya kumlaani "kibaraka" huyo, kila mtu atie sahihi. Walitia. Siwalaumu, walikuwa na watoto. Shangazi aliisoma yote, akazungushia makosa kumi na saba kwa wino mwekundu, akairudisha.

"Sahihi yako iko wapi, mama?"

"Haya ya herufi nimeyaonyesha. Uongo wenyewe siwezi kuusahihisha."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Wakampeleka "kuelimishwa": miaka minne ya kuponda kokoto, mwanamke wa miaka hamsini na moja. Baba aliitwa akaulizwa kwa nini hajamkana dada yake. Mimi nilisimamishwa mbele ya mstari shuleni, nikaitwa damu ya msaliti. Nilikuwa na miaka tisa. Watu wazima walinifanyia hivyo, kisha wakaenda zao kula!

Shangazi alirudi, vidole viwili havikunjiki. Mwandishi hakurudi.

Sasa upepo umegeuka. Mwaka huu wamechapa upya vitabu vyake, na dibaji kaiandika mwenyekiti yuleyule. Nilimsomea shangazi: "Marehemu alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana."

"Hebu rudia."

Nikarudia.

"Kuzikana?" alisema shangazi. "Basi atuambie kamzika wapi. Mke wa marehemu kamaliza ofisi zote, kaburi hajaonyeshwa."

Kesho yake tulimpitia mjane, tukaenda watatu ofisini kwa mwenyekiti. Katibu wake akasema bwana mkubwa yuko kikaoni.

"Kikao kina mwisho," shangazi alisema, akavuta kiti.

Hatukumwona. Tumekwenda mara sita sasa. Jumatatu tunakwenda tena.