Gari Jeusi na Kitambaa Chekundu

Msinicheke kabla sijamaliza. Gari langu, stesheni wagoni la turbo, lilikuwa limeota nyasi nyuma ya nyumba yangu hapa Suna. Kilomita zilikuwa zimelichosha, na kila jirani alisema limekufa. Mimi kila nikifumba macho nililiona likielea kando ya ziwa. Nikaifungua injini, nikalipaka rangi nyeusi, na wiki jana likanguruma.

"Injini bado ni mbichi, usikimbize," fundi Okoth alinionya. "Enda polepole kama bibi harusi."

Taa zilikataa kuzimika. Kioo cha pembeni kilikuwa kimelegea, tukakifunga kwa kitambaa chekundu.

Basi nikateremka kwenda kwa mama, kule Karungu, turbo ikipumua kama mtoto aliyelala. Upepo wa ziwa ukaingia dirishani. Wazee wakasimama kando ya barabara, wakavua kofia, nami nikawapungia mkono. Magari hayakunipita. Yalijipanga nyuma yangu yakiwa yamewasha taa, bodaboda nazo zikajiunga. Nikajiambia, kweli kizuri chajiuza.

Mama alitoka langoni mbio, mikono kichwani, machozi tele. Ya furaha, nikadhani.

"Uwi! Mmeniletea nani?"

"Ni mimi, mama!" Nikashuka kwa maringo. "Walisema limekufa. Angalia, limefufuka!"

Ndipo mwenye bodaboda aliyenifuata njia yote akavua kofia, akakitazama kile kitambaa chekundu, akanikaribia kwa heshima.

"Pole sana, ndugu. Mwili tushushe wapi?"