Herufi Mbili za Mkaa

Harufu ya rangi ya mafuta ikinifikia, hata kama ni mtu tu anapaka mlango wake, mimi hurudi kwetu Sagalla, katika umri ule nilipopenda namba za magari kuliko peremende. Siku hizo vibao vilikuwa vyeusi, maandishi meupe. Magari ya wenye nazo yalikuwa na herufi za bati zilizopachikwa, zinang'aa. Mengine yaliandikwa kwa brashi, na hapo ndipo ungeuona mkono wa mtu: K imepanua miguu kama anayetaka kuruka mfereji, 8 ina kitambi. Nilizinakili zote kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Nilijiona mkubwa, nina kibanda changu cha kuandika vibao mjini Voi, madereva wamepanga foleni wakiningoja.

"Mkamburi, huo ni ukuta wangu, si kibao cha gari," Mama alikuwa akiniambia, halafu anacheka, mkono juu ya tumbo lake kubwa.

Ule ulikuwa mwaka wa njaa. Mvua ilikataa, mahindi yakakauka yakiwa kimo cha goti, na Baba akaanza kutega mitego ya waya upande wa mbuga. Nyama ya paa ilikaushwa juu ya mafiga, nami nilionywa nisiitaje kabisa nje ya nyumba. Askari wa wanyama wakiikuta, mtu anafungwa.

Mchana mmoja nikitoka kisimani niliona Landrova ikiondoka kwetu. Mama alikuwa ameketishwa nyuma, katikati ya watu wawili nisiowajua, kichwa kimeinama. Niliita, lakini gari halikusimama. Nyumbani mlango ulikuwa wazi na uji umemwagikia moto.

Baba alinikuta nimekaa kizingitini.

"Mama yako yuko wapi?"

"Amebebwa na gari."

"Gari la nani?"

Mwenye gari sikumjua, lakini kibao nilikuwa nimekishika chote kichwani. Nikachukua mkaa nikaandika ukutani, polepole, kila kona mahali pake: G yenye kidevu, K nyembamba, kisha tarakimu. Baba hakuzingoja tarakimu. GK ni gari la serikali, hata watoto tulijua.

"Walivaa nguo gani?"

"Sikuona, Baba. Vumbi."

Alisimama pale mpaka nikadhani nimekosea herufi. Kisha akaitungua nyama, akaifukia shambani, akanawa, akavaa shati lake la kanisani. Nilimuuliza kama kuna ibada.

"Nenda kwa nyanya yako," akasema. "Wakija kuuliza, waambie Baba ameenda Voi mwenyewe. Kwa miguu yake."

Yaliyofuata tuliyasikia kwake baadaye, tena na tena. Kituoni alimkuta askari anakunywa chai.

"Nimekuja," akamwambia. "Sasa mwachilieni mke wangu."

"Mke gani?"

"Mliyemchukua leo. Ana mimba, hana kosa. Mwenye kosa ni mimi."

"Mzee, leo tumeleta mlevi mmoja tu, na huyo ana ndevu. Wewe una kosa gani?"

Baba akafungua mdomo aseme. Askari mwingine akadakia kutoka ndani, "Si yule mama wa Sagalla aliyeshikwa na uchungu? Gari la watu wa afya limepita hapa naye, mbio. Mzee, hebu nenda hospitali."

Baba akafunga mdomo, akaenda. Alimkuta Mama amelala, na ndugu yangu ameshafungwa kwenye leso, analia.

Tulikicheka kisa hicho miaka mingi, Mama akiuigiza ule mdomo uliobaki wazi. Mimi nilicheka kuliko wote, maana herufi zilikuwa zangu.

Nilikuwa na mtoto wangu mwenyewe mgongoni siku niliposimama nyuma ya nyumba yetu nikaona jinsi mlima ulivyo karibu. Una mapango na vichaka. Wanaume wengi wa miaka ile walijificha huko hadi mambo yapoe, na hakuna aliyewacheka. Baba alilijua kila pango. Alipoziona zile herufi mbili aliamini jela inamngoja Voi, na kwamba Mama yuko huko badala yake. Akaupa mlima mgongo, akashika barabara.