Mayai ya Siku Ishirini

Mpishi wa bwana mpima ardhi huja sokoni Kariakoo kabla ya kila safari ya porini, na Mauza, mjane anayeuza mayai, humjua kwa kikohozi kabla hajamwona. Mpishi huchutama, akazamisha kila yai kwenye bakuli la maji. Linaloelea hulirudisha kwa vidole viwili. Bwana wake ana ugonjwa wa sukari, na daktari amemkataza wali, unga na viazi. Basi mpishi huhesabu siku kwa vifundo vya vidole: mayai ya kupakwa samli yasiharibike, samaki wakavu wa ng'onda, karanga, nyama kavu. Naye huko porini hali asichoruhusiwa bwana wake. Kumnusisha mgonjwa wali, husema, ni ukatili. Akiondoka huchota mchele wa muuzaji jirani, akaunusa, akaumwaga taratibu guniani. "Nikirudi, bibie, nitakula wali wako."

Safari iliyopita alirudi kweli. Mauza akavaa kanga mpya, akamletea wali wa nazi na samaki pale pale sokoni. Mpishi akala samaki, akafyonza hata miiba, na wali ukabaki kama ulivyopakuliwa. Alipogundua, aliutazama kitambo kirefu. "Mkono umesahau, Mauza."

Leo kaja tena. Wanaenda Kilosa, siku ishirini. Mauza alimpangia mayai kikapuni, na pale ambapo hutia pumba yasivunjike, akatia mchele ili mkono usisahau, wa kuwashibisha watu wawili, yeye na mpishi, akirudi.