Fundi wa Pijo na Gari la Kosele

Mjini Migori, katikati ya miaka ya tisini, mtu aliyeulizia fundi wa magari alionyeshwa watu ishirini. Aliyeulizia fundi wa Pijo, yaani Peugeot za Mfaransa, alionyeshwa mmoja tu, nyuma ya kituo cha mafuta, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Huyo ndiye Wangwe.

Alizaliwa upande wa Mbita katika nyumba ya wavuvi. Kaka yake alipozama ziwani, Wangwe alikataa kabisa kupanda mashua. Baba yake akamwambia hana kazi nyingine ya kumpa. Kijana akaenda Kisumu, akapata kibarua cha kufagia katika karakana ya Mhindi mmoja aliyeshughulikia magari ya Kifaransa peke yake. Alikaa pale miaka tisa. Alianza kwa kufagia, akaja kuosha vyuma kwa petroli, halafu kushika sipana, na mwishowe Mhindi mwenyewe alikuwa akimwita na kumwambia, "Wangwe, sikiliza hii." Naye akiinamisha sikio alijua ugonjwa uko wapi kabla boneti haijafunguliwa.

Kwa hiyo alizipenda Pijo kama mtu anavyoipenda shule iliyomtoa ujinga. Shida ni kwamba kufikia mwaka wa tisini na tano, watu walikuwa wanaziacha. Magari ya Kijapani yaliyotumika yalikuwa yanaingia kila wiki kutoka Mombasa, yanang'aa, na spea zake zilipatikana hata Masara kwenye machimbo, dukani pamoja na misumari na mafuta ya taa. Spea ya Pijo uliifuata Kisumu, wakati mwingine Nairobi.

Momanyi, fundi Mkisii wa gereji ya pili, alilirudia jambo hilo kila saa nne walipokunywa chai kwenye kibanda kilichokuwa kati yao.

"Omera, ndugu yangu, hizo gari zako zimekufa," alikuwa akisema. "Mfaransa ametengeneza kiti kizuri, nakubali. Lakini wewe unaendesha kiti?"

"Peleka hiyo sahani yako ya Kijapani Masara wakati wa mvua," Wangwe alijibu. "Pijo inabeba magunia kumi na watu saba, na shimo inapita kama haijaliona."

"Inapita leo. Kesho iko kwako, imefunguliwa tumbo."

"Kwa sababu watu hawaangalii maji wala oili! Gari halina kosa."

Watu walicheka, wakachagua upande. Wenye maduka ya karibu walikuja na vikombe vyao kuusikiliza ubishi huo. Mwanzoni ulikuwa mchezo. Lakini wateja wa Wangwe walipozidi kupungua, naye alipoanza kukaa siku nzima bila gari uwanjani, maneno ya Momanyi yakaanza kumchoma. Alifika nyumbani na kujilaza bila kula. Mkewe, Rispa, mama wa mwanawe Maxwell, akimuuliza, alisema ni uchovu tu.

Siku moja mwezi wa nne, Issack alikuja kibandani. Issack alikuwa mwenyeji wa Isiolo, na alikuwa na duka la vitambaa karibu na stendi. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kelele. Yeye na mkewe, Tima, walikuwa wamekaa miaka sita bila mtoto, na mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Sasa Tima alikuwa na nyingine, na daktari wa Kisii alitaka kumwona kila mwezi.

"Nataka gari," Issack alisema. "La kumpeleka mama Kisii bila kumtingisha, na siku za soko libebe nguo hadi Homa Bay. Kuna mwalimu mkuu kule Kosele, Mwalimu Elijah, anauza Pijo 504, ile ndefu."

Momanyi aliweka kikombe chini. "Sheikh, usijitafutie shida. Pijo iliyotumika miaka kumi na tano? Utalala njiani."

Watu wakacheka. Issack akamgeukia Wangwe, akangoja.

"Nitaenda nawe mwenyewe," Wangwe alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nikisema ni nzuri, basi ni nzuri. Halafu huyu atakunywa chai bila kuongea mwaka mzima."

Walifika Kosele Jumamosi. Gari lilikuwa la rangi ya maziwa, safi, limeegeshwa mbele ya nyumba ya mwalimu. Issack alikaribishwa soda kibarazani. Wangwe akafungua boneti peke yake.

Aliiona dalili papo hapo. Vumbi lilikuwa limeifunika injini yote, lakini boliti za silinda hedi, kile kifuniko cha chuma cha juu ya injini, ziling'aa, zenye alama mpya za sipana. Chini ya hedi, pale inapokutana na injini, mstari wa gundi nyeusi ulikuwa umechungulia nje. Alifungua kifuniko cha oili. Kwa ndani kulikuwa na utando mweupe, mwembamba, kama mtindi uliokauka kwenye kibuyu. Maji yalikuwa yakiingia kwenye oili, kidogo tu, lakini yakiingia.

Alimwita mwalimu kando. "Hii iliwahi kuchemka?"

Mwalimu Elijah hakuficha. "Mara moja. Dereva niliyekuwa naye aliacha maji yakaisha. Ilitengenezwa na watu fulani huku huku. Tangu hapo haijanisumbua."

Fundi yeyote aliyefunzwa vizuri angejua la kusema: tusinunue mpaka hedi ifunguliwe. Ni kazi ya siku mbili. Wangwe aliyajua maneno hayo, na yalikuwa mdomoni. Ila aliona pia kibanda cha chai siku ya Jumatatu, Momanyi akigonga meza kwa kicheko, na watu wakisema hata Wangwe mwenyewe amelikimbia gari la Mfaransa. Akapangusa kifuniko kwa kitambaa, akakirudisha. Akawasha injini. Ilizunguka vizuri, sauti nene na tulivu. Walikwenda nalo hadi Oyugis na kurudi, na kwenye mlima mshale wa joto ulipanda kidogo, ukashuka tena.

"Unaonaje, fundi?" Issack aliuliza.

"Ni gari," Wangwe alijibu. "Chukua."

Alijiambia ataifungua hedi mwenyewe siku moja, kimya kimya, wakati wa sevisi. Lakini Issack alikuwa na safari kila wiki, na gari halikusumbua. Mwezi wa tano ukapita, wa sita, wa saba. Issack alimsifu Wangwe kila mahali. Wateja wawili watatu wakarudi. Momanyi akawa anakunywa chai yake na kuangalia barabara. Wangwe alianza kuamini kwamba hakuona kitu chochote kule Kosele.

Mwezi wa nane, alasiri moja, Pijo iliingia uwanjani kwa kasi. Issack alitoka mbio, akauacha mlango wazi.

"Fundi, niendeshee. Mama anatoka damu. Mkunga amesema Kisii sasa hivi, na mimi siwezi kushika usukani."

Tima alikuwa kiti cha nyuma, amelazwa ubavu, ameuma ncha ya mtandio wake. Wangwe aliingia bila hata kunawa mikono.

Hadi Rongo alikwenda vizuri, akipita malori, akiwasha taa mchana. Baada ya Rongo barabara ikaanza kupanda, na mshale ukaanza kupanda nao. Alipunguza mwendo. Ukapanda. Alifungua kipasha joto ili kuipunguzia injini moto, madirisha yote chini. Ukagusa nyekundu. Mvuke ukatoka pembeni mwa boneti, mweupe, kisha nguvu ya injini ikakatika chini ya mguu wake, na gari likasimama kando ya mashamba ya miwa.

"Ni nini?" Issack aliuliza.

"Maji tu," Wangwe alisema. "Yameisha."

Alisema hivyo akijua si kweli. Alishuka na debe, akachota maji mtaroni, akasubiri rejeta ipoe. Kila dakika aliyosubiri alisikia sauti ya Tima nyuma yake, si kilio, ila pumzi fupi fupi zenye kukatika. Alimimina maji. Injini iliwaka, ikaenda umbali wa kutupa jiwe, ikazima. Akamimina tena. Ikakataa. Hapo aliingia katikati ya barabara, akatandaza mikono. Magari mawili yalimpita. La tatu, pikapu ya mtu wa ndizi, lilisimama, na wakamhamisha Tima juu ya majani ya migomba. Kutoka waliposimama hadi walipoondoka ilikuwa imepita saa moja na nusu.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alitoka kimya. Tima alinusurika, akiwa dhaifu sana.

Wangwe alimfuata daktari koridoni. "Kama tungefika mapema?"

Daktari alivua miwani, akaipangusa. "Labda. Labda isingebadili kitu. Hakuna atakayekuambia hilo, bwana."

Walimzika mtoto Migori. Wangwe alisimama nyuma ya wanaume wengine, kofia mkononi. Baada ya siku saba Issack alikuja gerejini. Wangwe alisimama akidhani siri imejulikana. Kumbe Issack alikuwa amekuja kumshukuru.

"Mwingine angetuacha kwenye pikapu arudi kwenye gari," alisema. "Wewe ulikaa nasi hadi asubuhi. Mungu akulipe."

Issack alipomshika mkono, Wangwe hakuweza kumtazama.

Gari lilikuwa limevutwa hadi uwanjani. Kwa siku kadhaa hakuligusa. Ni Momanyi aliyekuja na sipana zake mwenyewe, bila kuitwa, akasema, "Tufungue." Waliinua hedi pamoja, wakaiweka juu ya gunia. Ufa ulikuwa dhahiri, umechomelewa vibaya na kupakwa gundi, na sasa umefunguka tena kama mdomo.

Momanyi aliupitishia kidole. Hakucheka. "Kule Kosele ulikuwa umejua?"

"Niliona alama."

"Na ukanyamaza." Momanyi alikaa juu ya tairi. "Ni mimi. Ni midomo yangu."

"Hapana. Macho yalikuwa yangu."

"Basi usimwambie. Mtoto atarudi? Utamfungulia kidonda kingine cha nini?"

Wangwe alilichukua neno hilo hadi nyumbani. Alimweleza Rispa kila kitu, kwa mara ya kwanza, wakiwa wanapukuchua mahindi. Rispa aliendelea kupukuchua.

"Baba Maxwell, yule mtu anakushukuru," alisema. "Utapokea shukrani hiyo mpaka lini?"

Kesho yake alikwenda dukani. Alingoja wanawake wawili wamalize kununua. Issack alikuwa anakunja jora la kitambaa cha kijani.

"Issack, siku ile Kosele niliona kwamba injini imewahi kuchemka. Mwalimu mwenyewe alikubali. Ilifaa nikuzuie. Sikukuzuia."

Issack aliendelea kukunja, mara moja, mara mbili, kisha mikono ikasimama. "Mwalimu alikulipa kitu?"

"Hapana. Hata shilingi."

"Basi kwa nini?"

Njia nzima Wangwe alikuwa ametayarisha maelezo ya kifundi. Yote yalimtoka. Jibu lililobaki lilikuwa dogo, la aibu.

"Momanyi angenicheka."

"Angekucheka," Issack alisema polepole, kama mtu anayejaribu neno la lugha asiyoijua. "Angekucheka, basi?"

"Basi."

Nje mtu aliita bei ya samaki. Issack aliliweka jora rafuni, akalinyoosha pembe. "Toka, fundi. Sikufukuzi kwa ubaya. Toka tu, kabla sijasema neno ambalo Mungu ataniuliza."

Wangwe alitafuta hedi nyingine nzima, akaipata Kisii kwenye gari lililogongwa, na Momanyi akamsaidia kuifunga. Pijo iliwaka mara ya kwanza. Waliipeleka mlima ule ule baada ya Rongo mara tatu, na mshale haukusogea. Wangwe alishuka juu kabisa akaketi kando ya barabara. Gari lilikuwa zuri siku zote. Lilikuwa linataka siku mbili za kazi.

Issack hakulipanda tena. Alimuuzia Nchagwa, mkulima wa Kegonga, baada ya Wangwe kumweleza Nchagwa yote yaliyolipata, boliti kwa boliti. Liliendelea kubeba mahindi Kuria miaka mingi, na watu kibandani walilitaja kuthibitisha kwamba Mfaransa anajua kazi. Wangwe akisikia hivyo alichukua chai yake akaenda kuinywea uwanjani. Aliyemwomba amkagulie gari aliandikiwa kila kasoro kwenye karatasi, hata ya wipa, na wengine walichoka wakaenda kwingine.

Kabla mwaka haujaisha, Issack na Tima walihamia Homa Bay.

Miaka miwili baadaye Wangwe alikuwa akienda Mbita kumwona mama yake, akapita soko la Homa Bay. Alimwona Tima ameketi nyuma ya meza ya vitenge. Angeweza kupita. Alisogea.

"Fundi," Tima alisema, bila mshangao. "Issack aliniambia."

"Nilijua atakuambia, mama."

Tima alikunja kitenge, akakiweka juu ya vingine. "Siku ile ukiendesha, mimi nimelala pale nyuma, ulikuwa unajua gari litazima?"

"Nilikuwa naogopa. Tangu Rongo nilijua."

"Mimi nilikuwa nakusikia unapumua. Nikasema moyoni, huyu mtu anatuhurumia sana."

Mteja alikuja akauliza bei, Tima akamjibu, akampimia, akampa chenji. Mteja alipoondoka, Wangwe alikuwa bado amesimama pale pale.

"Unaenda wapi?" Tima akamuuliza.

"Mbita. Kwa mama."

"Ni mgonjwa?"

"Ni uzee tu."

Tima alitazama juu, mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa ziwa. "Basi nenda kabla ya mvua," alisema, na akavuta nailoni kufunika vitenge vyake. Wangwe alishika upande wa pili wa nailoni, wakaifunga pamoja kwenye miguu ya meza. Kisha akaenda zake.